Maji Yasiyorudi

Februari 24

Gaston ameingia asubuhi sijamaliza kuvaa buti. Kajaa mlangoni na koti lake la manyoya na harufu ya moshi, hata salamu hakutoa.

"Dada, nyinyi mmewasha nini huko chini?"

"Shikamoo nawe pia, mdogo wangu."

"Sitanii. Kijito cha Magogo kimefunguka. Nje baridi inang'oa meno, na maji yanatembea kama vile ni joto la Juni."

Nikamwambia pengine ni chemchemi.

"Chemchemi! Baba katega pale maisha yake yote, na mimi nyuma yake, hatukuiona. Imehamia lini, na nani kaipa kibali?"

Mama akacheka ndani ya kikombe chake cha chai. Mimi sikucheka, nilikuwa nachelewa kazini. Gaston anachukia kiwanda chetu cha mafuta tangu siku walipokata msitu kupitisha bomba katikati ya mitego yake. Kila kitu kwake ni kosa la mvuke. Mbwa akiharisha, ni mvuke.

Februari 26

Baridi ileile. Mama anakohoa. Mkate wa kikaango na samaki mweupe, basi.

Machi 2

Leo maji hayakutosha.

Kazi yangu ni maji. Mafuta ya kwetu hayatiririki. Ni mazito kama lami, yameshikamana na mchanga chini ya kinamasi. Tunachemsha maji, tunasukuma mvuke ardhini kwa kisima kimoja, lami inalainika, inadondokea kisima cha pili kilicho chini yake pamoja na maji ya ule mvuke uliopoa. Pampu inavuta vyote juu. Tunatenga mafuta, tunasafisha maji, tunayachemsha tena. Maji yaleyale, yanashuka na kupanda. Kiasi kidogo hubaki chini siku zote, ardhi hula chake, tumezoea. Lakini visima vya pedi ya tatu, uwanja wetu wa tatu wa visima, vinakula kupita kiasi, na kila siku vinazidisha.

Nilimwambia bosi wetu, Clayton Pike. Ni mtu wa kisiwani, Newfoundland, mnene, mwekundu, hana jambo asilolifanyia mzaha.

"Ardhi ina kiu, bibie. Ungekuwa wewe umelala na bomba la mvuke ubavuni usingeomba maji?"

"Bosi, maji hayarudi."

"Mume wangu wa kwanza naye hakurudi, na nimeishi." Alisema hivyo kwa sauti ya kike, wote wakacheka.

Injinia hakucheka. Anaitwa Ysabel Urdaneta, katoka Maracaibo, mwembamba, kila mara amejifunika skafu mbili. Alinifuata kwenye matangi. "Dada Noella, hayawezi kupotea tu. Juu ya mafuta kuna tabaka la udongo mgumu, ndilo kifuniko cha chungu. Kama maji hayarudi kwetu, basi yamepata mwanya kwenye kifuniko."

"Yanakwenda wapi?"

Akainua kidole, akaelekeza juu.

Machi 5

Theluji mchana kutwa. Tumeongeza maji kutoka kisima cha akiba. Pike kasema tusiliandike sana kwenye ripoti.

Machi 8

Gaston kaja na biva aliyekufa, yule mnyama wa mtoni anayejenga mabwawa kwa magogo. Kamtupa juu ya meza ya Mama, palepale penye unga.

"Nimemkuta anatembea juu ya theluji. Machi! Biva anatembea juu ya theluji mwezi Machi, kaikimbia nyumba yake. Mnuse."

Nikanusa. Harufu ya kazini kwangu.

"Labda kapita karibu na bomba," nikasema, na nilijisikia jinsi nilivyokuwa mwongo.

"Dada, wewe ni mpishi tu. Unampikia shetani chai, halafu unashangaa kikombe kikimwagika."

"Hiyo chai ndiyo inayopasha joto nyumba aliyolala mama yako!"

Mama akasema kwa Kikrii, lugha yetu, tunyamaze wote wawili, tumwondolee mzoga mezani. Gaston alimchukua biva kwa mikono miwili, taratibu, akaondoka bila kofia.

Machi 9

Sijalala vizuri.

Machi 13

Kisima kimoja chembamba ambacho hatutoi kitu ndani yake, tumeshusha vipimajoto tu, kimeanza kusoma joto juu ya tabaka la udongo mgumu. Si ndani ya mafuta tena. Juu yake, kwenye mchanga wa maji ya kawaida. Ysabel anasema kuna shimo la zamani la watafutaji wa mafuta karibu na hapo, lilizibwa ovyo kabla ya sisi kuzaliwa, na maji yetu ya moto yanalipanda kama ngazi.

"Tupunguze mvuke," akamwambia Pike. "Leo."

Pike leo hakuwa na mzaha. "Nikipunguza, mabomba yataganda. Yakiganda yatapasuka. Baridi hii haisamehe. Pedi nzima itakufa, na watu wetu wa pedi nzima watarudi kwao. Unalijua hilo, binti?"

"Nalijua."

Akapiga simu makao makuu, Calgary. Wakubwa wakasema subirini, tunakutana.

Nikasema, "Bosi, tarehe kumi na tisa ni Mtakatifu Yosefu. Watu wa ng'ambo ya ziwa watakuja kwenye misa na karamu. Wanakuja kwa njia ya barafu, na pikipiki za theluji, na watoto kwenye sleji za kuburutwa nyuma. Njia inakatiza kinamasi hichohicho."

Pike akageukia dirisha. "Siruhusiwi kutangaza kitu ambacho Calgary haijathibitisha."

Nilimdharau leo. Nataka niliandike hivyo: nilimdharau.

Machi 14

Nimekwenda na Gaston kinamasini kuona kwa macho yangu. Hakuniringia. Aliendesha polepole, mara anashuka, anapiga barafu kwa kishoka, anasikiliza.

Kwa mbali ni theluji tupu, nzuri, nyeupe. Ukikaribia unaona imelegea, ina rangi ya kijivu kama shuka la mgonjwa. Gaston alichomeka fimbo ndefu, ikazama yote kama imeingia kwenye uji. Ilipotoka ilikuwa nyeusi na ilitoa moshi.

"Theluji ya juu imebaki kama kitambaa juu ya shimo," akasema. "Mtu hawezi kuona. Mimi mwenyewe ningepita."

Misonobari mitatu imeinama, mizizi juu. Nilivua glavu nikagusa maji. Yalikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Nimeyapasha mimi. Nilitaka kulia, Gaston akanishika bega. "Usilie hapa, dada. Machozi yataganda, itabidi tukufungue kope kwa shoka."

Machi 15

Pike amekataa tena kutangaza. Padri ametangaza watu wapite barabara kuu, lakini barabara ni mzunguko mrefu na wengi hawana magari. Na nani ng'ambo atamsikia padri wa upande huu? Simu zao hazishiki.

Gaston kasema kesho alfajiri atakwenda kusimika matawi ya misonobari kando ya sehemu mbovu zote, kisha avuke ng'ambo akawaambie kwa mdomo wake.

"Niombe ruhusa kazini, niende na wewe?" nikamwambia.

"Ukae na maji yako. Mtu wa kuyatazama lazima awepo."

Machi 16

Hajafika ng'ambo.

Saa sita mchana binamu yetu wa ng'ambo alivuka kwa njia ya juu, ya mawe, akauliza kwa nini kuna matawi kinamasini. Hakumwona Gaston. Niliacha geji zangu nikamkimbilia Pike, nikadhani ataniambia nisubiri. Alichukua koti.

Tulifuata matawi. Yamesimikwa kwa mstari, mazuri, kila moja limefungwa kitambaa chekundu. Shuka la Mama, kalichana. Tukafika palipoishia. Mbele yake pikipiki ilikuwa imezama, mkia tu juu, na maji meusi yanachemka kuizunguka. Si kuchemka kwa moto, ni kwa hewa inayosukumwa kutoka chini. Yanavimba, yanapumua, yanavimba tena. Hakuna kofia. Hakuna mtu. Niliita jina lake mpaka koo likatoa hewa tupu.

Polisi walikuja na watu wa uokoaji. Kiongozi wao aliweka mguu mmoja akauvuta haraka. "Siingizi watu hapa. Ardhi inasukumwa. Izimeni kwanza hiyo mashine yenu."

Tukarudi kwenye chumba cha mitambo. Pike akapiga simu Calgary, akaweka sauti nje tusikie wote. Sauti ya mwanamume mstaarabu ikasema wanaelewa, wanasikitika, wanaitisha kikao cha wataalamu, pedi isizimwe mpaka wathibitishe uhusiano uliopo.

"Kuna mtu huko ndani," Pike akasema.

"Tunaelewa, Clayton. Lakini kama ameshafariki—"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Ysabel alinishika kiuno.

Pike aliilaza simu mezani, kifudifudi, ile sauti ikaendelea kuongea na mbao. "Baba yangu alipotelea baharini," akatuambia, "wakati wenye meli wanabishana nani alipe mafuta ya kwenda kumtafuta." Akasimama, akasukuma kila mtu pembeni, akafunga mvuke wa pedi ya tatu kwa mkono wake mwenyewe. Mngurumo tuliouzoea miaka yote ukashuka, ukashuka, ukaisha. Nikasikia saa ya ukutani.

Giza lilipoingia walisimamisha msako. Mama ameketi kitini na koti lake mwilini. Hataki kulivua.

Machi 17

Yu hai. Yu hai.

Kulipokucha kinamasi kilikuwa kimetulia kiasi cha kulaza mbao juu yake. Waokoaji walitambaa kwa tumbo. Mbwa wa Gaston, tuliyemleta kumtafuta, ndiye aliyebweka, kule kwenye kichuguu kidogo cha kuvumwani, yale majani laini ya kinamasi, mbali na pikipiki, upande ambao hakuna aliyewaza. Gaston alitoka majini, akatambaa, akajifunga kwa mkanda kwenye mzizi wa msonobari ulioanguka. Kichuguu kile kina joto. Maji yetu yanapita chini yake. Kifua chake na tumbo vilikuwa vimelalia joto hilo usiku kucha. Kilichotaka kumzamisha ndicho kilichomtunza.

Lakini miguu. Matope yalimvua buti. Miguu ilikuwa imelala nje ya kichuguu, juu ya barafu.

Walipompitisha kwenye machela alifungua jicho akaniona.

"Dada," akasema, midomo haifungi vizuri, "mnapika vibaya. Upande mmoja mbichi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, kisha nikakaa chini kwenye theluji nikashindwa kuinuka. Pike ndiye aliyeniinua. Alikuwa analia bila kujificha, kamasi zimeganda kwenye sharubu.

Machi 19

Mtakatifu Yosefu. Watu wa ng'ambo wote walizunguka kwa mawe. Sleji zilijaa watoto. Niliwatazama wakishuka mmoja mmoja, nikaondoka kanisani kabla ya baraka.

Machi 23, hospitali ya Edmonton

Wamekata miguu yote miwili, juu kidogo ya kifundo. Daktari alieleza kwa upole, Mama akawa anatikisa kichwa kama anayekubali, kisha akaniuliza kwa Kikrii, "Watakuwa wameiweka wapi?" Nikamwambia sijui. "Uliza," akasema. "Ni ya mwanangu. Ataihitaji akizikwa." Nikaenda kuuliza. Muuguzi mmoja alilia.

Gaston hasemi na mtu. Amegeukia ukuta.

Machi 30

Nimerudi kazini. Mvuke wa pedi ya tatu umezimwa siku zote hizi na maji bado yanapanda kinamasini. Nilidhani ukifunga bomba, jambo limekwisha. Ysabel anasema yaliyosukumwa miaka yote bado yana nguvu huko chini, yatatafuta njia mpaka yachoke.

"Yatachoka lini?"

"Sijui, dada."

Ni mtaalamu wa kwanza aliyenijibu hivyo. Mabomba ya pedi ya tatu yamepasuka kama Pike alivyosema. Watu wamepunguzwa. Dukani mke wa mmoja wao aliniona, akageuza toroli lake.

Aprili 3

Mvua juu ya theluji.

Aprili 12

Mkutano kwenye ukumbi wa shule. Wakubwa wa Calgary walileta keki. Walisema barafu hulegea yenyewe mwishoni mwa kipupwe, kinamasi ni kinamasi. Nilimngojea Ysabel asimame aseme aliyoniambia kwenye matangi. Alisimama. Akasema, "Bado tunachunguza chanzo," akakaa, skafu zake mbili hadi puani.

Nilimfuata nje kwenye maegesho. Nilikuwa tayari kumpiga.

"Ulijua! Ulijua toka Machi!"

"Kibali changu cha kukaa nchi hii kiko mikononi mwao," akasema. "Kule nilikotoka nimeacha watoto wangu kwa mama yangu, wananingoja niwalete. Nichape kofi, dada Noella. Nichape, tafadhali, nitajisikia nafuu."

Sikumchapa. Wala sikumsamehe. Nilimwacha amesimama kwenye mvua ya theluji.

Pike ndiye aliyesimama ukumbini, naambiwa. Alisema kila kitu, kuanzia maji yasiyorudi hadi simu. Kwa hiyo kesho hana kazi. Mtu niliyemdharau.

Aprili 27

Barafu ya ziwa imevunjika. Kwa kawaida siku hii watu hupiga risasi hewani. Leo hakuna aliyepiga. Kijito cha Magogo kimeshuka na utando mweusi wa mafuta, unang'aa rangi rangi juani. Mama alikwenda kutazama wavu wake asubuhi, mimi nyuma yake namkataza. Aliuvuta. Samaki weupe wakubwa, wengi kuliko mwaka jana, na kila mmoja amepakwa. Alimfuta mmoja kwa aproni, akamfuta, akamfuta. Hakutakata.

"Nimekula ziwa hili tangu nina meno," akasema. Akakata kamba za wavu, ukaondoka na samaki wake.

Mei 6

Pike alikuja kuaga, gari limejaa hadi paani. Kaniletea viazi na nyama ya chumvi ya kwao. Akasema Calgary wananitaka mimi nikae kwenye kiti chake: mwenyeji, dada wa majeruhi, picha nzuri.

"Wanakutaka kama pazia, bibie."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Mimi ni mjinga mnene anayerudi kuvua kamba baharini." Akanibusu kipajini. Sikumwambia nilichokuwa nawaza juu yake Machi. Sasa nimechelewa.

Mei 9

Gaston karudi nyumbani. Nikamweleza kuhusu kile kiti, nikasema nimekwisha kataa moyoni, siwezi kukaa pale.

Ni mara ya kwanza ameongea maneno mengi tangu hospitali.

"Chukua."

"Gaston!"

"Hawatazima hicho kiwanda kwa sababu ya miguu yangu. Wataendelea. Sasa akikaa mgeni pale, siku maji yakipotea tena, tutajua kwa miguu ya nani?"

Nikaenda kumchemshia chai.

Mei 15

Nimechukua. Mama ananipakulia chakula kama mgeni.

Juni 3

Simu imelia saa nne asubuhi. Ile sauti ya mstaarabu wa Calgary. Mabomba mapya yameshawekwa, wataalamu wameridhika, tuanze kupeleka mvuke pedi ya tatu, taratibu, shinikizo dogo, hakuna hatari.

"Maji yaliyopotea yako wapi?" nikauliza.

"Noella, tumelizungumza hilo."

"Hamjaniambia yako wapi. Siwezi kuongeza mengine mpaka nijue ya kwanza yalipo."

"Kwa hiyo unakataa?"

Vijana wote chumbani walikuwa wameacha kuandika. Ysabel alikuwa mlangoni.

"Nakataa," nikasema. Ysabel akaja, akavuta kiti, akaketi karibu yangu mbele ya watu wote. Kwake hilo ni kubwa. Nimeliona.

Nilipofika nyumbani Gaston alikuwa ukingoni mwa kitanda. Miguu ya plastiki imeletwa, ameifunga mwenyewe, mmoja umekaa upande.

"Umefungua?"

"Sijafungua."

"Na kesho?"

"Kesho labda wataleta mwingine wa kufungua."

"Labda." Akanyoosha mikono. "Haya, niinue. Wewe leo una nguvu."

Nilimshika kwapani nikamwinua. Ni mzito. Alitukana, akayumba, uzito wote ukaniangukia kifuani, kisha nusu yake ukarudi kwake. Mama aliacha kukoroga sufuria. Tulisimama hivyo, yeye ananipumulia shingoni, mpaka mikono yangu ikaanza kutetemeka, na sikumwachia.